Muulize Fundi wa Tovuti: ukurasa unaokawia na nafasi yake kwenye Google

Mwezi huu karibu barua zote zimeniletea swali moja kwa sura tofauti: tovuti yangu inakawia kufunguka, je, ndiyo maana sionekani kwenye Google? Nimechagua nane. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nilikaa nayo jioni nzima na simu mkononi, na mengi niliyoyakuta humo yatawafaa na wengine. Walioniandikia kuhusu matangazo ya kulipia wanivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Fundi, salamu nyingi. Napiga picha za ndege wa porini. Tovuti yangu ina kurasa kama 80, kila ukurasa una ndege mmoja, picha zangu na maelezo niliyoyaandika mwenyewe. Kwa miaka miwili nilikuwa natokea ukurasa wa kwanza wa Google kwa majina ya ndege kadhaa, sasa nimeteremka hadi wa pili. Rafiki yangu anayejua kompyuta anasisitiza kwamba ni kasi. Lakini kwangu tovuti inafunguka papo hapo! Nimwamini yeye au niyaamini macho yangu? Anwani nimeiandika chini, itazame mwenyewe.
Mpiga Picha wa Ndege

JIBU: Ndugu yangu, rafiki yako amesema nusu ya ukweli, na macho yako yamekuficha nusu nyingine. Nianze na macho.

Kompyuta yako imeshazifungua kurasa zile mara nyingi mno. Picha zote zimo tayari kwenye akiba ya kivinjari. Kilizivuta mara ya kwanza kikaziweka, na tangu hapo hakizivuti tena. Unachokiona wewe ni tovuti ya mwenye nyumba. Mgeni anayegonga hodi kwa mara ya kwanza, akiwa na simu ya kawaida na mtandao wa kubahatisha, anaona kitu kingine kabisa, na huyo ndiye niliyetaka kujiweka mahali pake.

Kwenye droo ya meza yangu nina simu ya zamani ninayoitunza kwa kazi hii tu. Kumbukumbu yake ni ndogo, betri imechoka, kioo kina ufa kwenye kona. Kila ninapopata simu mpya nashawishika kuigawa, na kila mara nairudisha droo­ni, kwa sababu watu wenye simu kama ile ni wengi na hawana wa kuwasemea pale tunapotengeneza tovuti mbele ya vioo vikubwa. Nikaupunguza mtandao hadi megabiti 1.6 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi inayotumiwa na programu ya Lighthouse ya Google kuigiza 4G hafifu, kisha nikafungua ukurasa wako wa mdiria.

Kichwa kikatokea. Maelezo yakatokea. Pale juu panapotakiwa kuwa na picha, peupe. Sekunde ya 5, peupe. Sekunde ya 8, ukanda mwembamba wa mbingu. Kuanzia hapo picha ikawa inashuka kama pazia, kwanza matawi, kisha mdomo, kisha ile rangi nzuri ya kifuani. Ndege mzima alitimia sekunde ya 26. Ni picha nzuri mno, na ndiyo maana iliniuma: mgeni wa kweli asingekuwepo tena kuiona.

Nikaichunguza picha yenyewe. Upana wake ni pikseli 6,000, uzito megabaiti 4.8. Kioo cha simu yangu kina pikseli 720 kwa upana. Fanya hesabu: megabaiti 4.8 ni megabiti 38.4, gawa kwa 1.6, unapata sekunde 24, na zilizobaki ni za kuitafuta seva na kuvuta vitu vingine. Umemtumia mgeni bango la ukutani akaliweke kwenye fremu ya kiganjani, na bando lililosafirisha bango hilo ni lake. Nikachukua picha ileile, nikaipunguza hadi pikseli 1,080, nikaihifadhi kwa WebP, muundo mwepesi wa picha. Ikawa kilobaiti 90. Kwa mtandao uleule hiyo ni chini ya nusu sekunde. Nikazitazama zote mbili kwenye kioo kilekile, moja baada ya nyingine, nikikodolea manyoya ya shingoni. Sikuona tofauti. Ile kubwa usiitupe, iweke nyuma ya kiungo kwa mpenzi wa ndege anayetaka kuisogelea.

Kuna jambo la pili nililoliona, na hili nalijua kwa sababu nimewahi kulikosea mwenyewe. Umeweka programu-jalizi inayochelewesha picha zote mpaka mgeni azifikie kwa kuteremsha ukurasa. Kwa picha za chini ni jambo jema sana. Kwa picha ya kwanza, ile anayokutana nayo pale pale mlangoni, unakiambia kivinjari kisubiri kwanza kupanga ukurasa ndipo kianze kuivuta. Niliwahi kuiacha tovuti ya mtu na kosa hili kwa miezi mitatu, nikijisifu kwamba nimeiongezea kasi, hadi nilipotazama vipimo vya wageni wake nikakuta vimerudi nyuma. Picha ya juu iondolee ucheleweshaji, na kama kiolezo chako kinaruhusu, iwekee alama ya fetchpriority="high" ili ipewe kipaumbele.

Sasa tumrudie rafiki yako. Ni kweli Google inatazama kasi. Ilitangaza hivyo Aprili 2010, kwa utafutaji wa kwenye kompyuta, na ikasema wazi kwamba utafutaji ulioguswa ulikuwa chini ya asilimia 1. Julai 2018 ikaja zamu ya simu, na hapo pia walioguswa walikuwa wale wenye kurasa zinazokawia kupita kiasi. Katikati ya 2021 vikaingia vipimo vitatu viitwavyo Core Web Vitals, kwanza kwenye simu, kisha mwanzoni mwa 2022 kwenye kompyuta. Kimoja kinaitwa LCP: inamchukua mgeni muda gani hadi aone kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo chake, ambacho kwako ni ndege. Sekunde 2.5 au chini ya hapo ni nzuri, zaidi ya 4 ni mbaya. Vile vingine viwili nitavieleza kwenye barua zinazofuata.

Lakini katika mambo mengi ambayo Google hupima, kasi ni moja tu, na si nzito kuliko zote. Google yenyewe husema kwamba hutafuta kuonyesha ukurasa unaojibu vizuri zaidi hata kama hali ya ukurasa huo si nzuri. Kasi huonekana nguvu yake pale kurasa mbili au kumi zinapojibu swali kwa ubora unaokaribiana. Kwa hiyo nilifanya ambalo rafiki yako hakulifanya: nilitafuta jina la mdiria wako, nikazisoma kurasa 5 kati ya zilizo juu yako. Tatu zina sauti ya ndege huyo, ramani ya anakopatikana, na maelezo ya kiota chake. Ya nne inakawia kuliko yako! Ukurasa wako una aya mbili, na ya pili inaeleza kamera uliyotumia.

Ningekuwa wewe ningeanza na picha, wiki hii hii, maana ni kazi ya siku mbili kwa kurasa zote 80 na kila mgeni atanufaika hata Google isipokuongezea kitu. Kisha ningekaa niandike. Umekaa vichakani ukamtazama ndege huyu kwa saa nyingi. Andika anavyopiga mbizi, anavyomgonga samaki kwenye tawi kabla ya kummeza, saa anazopenda. Hayo hayamo kwenye zile kurasa tano.

SWALI: Fundi, mimi pia hutengeneza tovuti. Mteja wangu amepima yake kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi, upande wa simu akapata 61. Amegoma kumaliza malipo mpaka ifike 100, eti Google huwapanga watu kwa alama hiyo. Nimjibu nini?
Fundi Mwenzio

JIBU: Pole sana, mwenzangu. Kaa naye, fungueni ule ukurasa wa matokeo pamoja, na mwombe ausome kuanzia juu. Watu wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye duara lenye namba.

Sehemu ya juu ni watu wa kweli: waliofungua tovuti kwa Chrome katika siku 28 zilizopita na wakaruhusu takwimu zao zikusanywe. Sehemu ya chini, penye duara, ni jaribio moja tu la Lighthouse lililofanyika dakika ileile mliyobonyeza, kwa simu ya kuigiza na mtandao wa kuigiza. Pimeni mara tatu mfululizo na huenda mkapata namba tatu tofauti. Kinachoingia kwenye mpangilio wa Google ni vipimo vya watu wa kweli. Alama ya duara haimo. Kazi yake ni kumwonyesha fundi pa kushika, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana.

Mweleze na hili, kwa sababu wengi hawalijui. Google haitazami wastani. Hupanga ziara zote kuanzia ya haraka hadi ya polepole, kisha hutazama ile inayokaa kwenye asilimia 75. Ziara tatu kati ya nne zikikifikia kiwango, kipimo kimefaulu. Mimi naupenda utaratibu huu, kwa sababu wastani humficha mnyonge: wageni wawili wenye simu za kifahari hufunika mateso ya mmoja mwenye simu dhaifu. Hapa ukitaka kufaulu lazima uwafikie na wale wa nyuma.

Niliwahi kuhudumia tovuti iliyokuwa na 58 kwenye duara huku vipimo vyote vitatu vya juu vikiwa kijani, kwani wasomaji wake walikuwa na mtandao bora kuliko ule wa kuigiza. Nimeona na kinyume chake, 95 kwenye duara na wageni wanateseka. Ongeeni upya makubaliano yenu, muweke vipimo vya juu mahali pa ile 100. Hiyo 100 unaweza kuifikia kwa kung'oa kila kitu chenye manufaa kwenye ukurasa, na hakuna atakayefaidika.

SWALI: Nikipima tovuti yangu, sehemu ya juu inaniandikia kwamba hakuna data ya kutosha. Je, Google imeninyima haki?
Mtunzi wa Mashairi

JIBU: Hapana, dada. Wageni wako bado ni wachache mno kwa takwimu kukusanyika bila kuwaanika. Tumia sehemu ya chini kama mwongozo, azima simu ya mtu mwenye simu dhaifu kuliko yako, uifungue tovuti bila Wi-Fi. Na usipoteze usingizi juu ya kasi kwa sasa. Mashairi ni maandishi, ni mepesi kuliko kitu chochote kwenye intaneti. Tafuta wasomaji.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nafundisha gitaa kwa njia ya mtandao. Wanafunzi wanalalamika kwamba wakibonyeza "Chagua saa ya somo" hakuna kinachotokea, wanabonyeza tena na tena, mwishowe mtu mmoja anajikuta ameweka nafasi tatu. Ukurasa wenyewe unafunguka vizuri. Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, inaniambia nina tatizo la INP kwenye simu. Ni mdudu gani huyu?
Mwalimu wa Gitaa

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mdudu huyu alikuwepo siku zote, ila zamani hakupimwa ipasavyo. Kipimo cha awali, FID, kilitazama mguso wa kwanza peke yake, tena muda wa kuchelewa kupokelewa tu. Tarehe 12 Machi 2024 kiliondolewa, ikaingia INP, inayofuatilia miguso yote ya mgeni tangu anaingia hadi anatoka, kuanzia kidole kinapogusa hadi kioo kinapobadilika, kisha ikachukua ule uliochelewa kuliko yote au unaoukaribia. Milisekunde 200 au chini ya hapo ni nzuri. Ikizidi 500 ni mbaya.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Kivinjari hufanya sehemu kubwa ya kazi zake kwenye foleni moja. Kuchora ukurasa, kuendesha JavaScript (programu zilizomo ndani ya ukurasa), kupokea kidole cha mwanafunzi, vyote vinasimama mstari mmoja. Kazi moja ikiishika foleni kwa zaidi ya milisekunde 50 huhesabiwa kuwa kazi ndefu, na kidole kinasubiri nyuma yake kama mgonjwa aliyefika wakati daktari ana mtu ndani.

Niliufungua ukurasa wako kwa vifaa vya uchunguzi vya Chrome, nikaipunguza nguvu ya kompyuta mara nne ili ifanane na simu ya kawaida, nikabonyeza kitufe chako. Ilipita milisekunde 740 kabla kioo hakijabadilika. Karibu robo tatu ya sekunde: muda wa kutosha mtu kudhani hajabonyeza sawasawa. Nikafuatilia zilikoishia. Kalenda yako, kwa kila mbonyezo, inachora miezi 12 yote, siku 365, kila siku na vitufe vyake vya saa, halafu inaificha yote isipokuwa mwezi huu. Mwanafunzi anahitaji wiki mbili tu. Pembeni kuna kiputo cha mazungumzo kinachojipakia kwa pupa mara ukurasa unapofunguka, pamoja na hati tatu, yaani vipande vya programu, za kuhesabu wageni, na mbili kati yake zinahesabu kitu kilekile.

Mwambie aliyekutengenezea achore wiki mbili, nyingine zichorwe mwanafunzi akizihitaji. Hati mbili za kuhesabu ziondoke. Kiputo kisubiri mpaka ukurasa utulie. Na mara kitufe kinapoguswa, kibadilike rangi, kiandike "Subiri kidogo" na kikatae kuguswa tena. Kazi nzito ifuate baadaye. Hilo la mwisho ndilo litakalompa mwanafunzi utulivu, kwa sababu atajua amesikika. Zile nafasi tatu za mtu mmoja zizuiwe pia kwenye seva. Kitufe peke yake hakitoshi kuzizuia.

Kwa nafasi yako Google, sitarajii muujiza. Unatafutwa kwa jina na kwa aina ya somo, na hapo juu unaonekana tayari. Lakini wanafunzi wangapi walibonyeza mara moja, wakaona kimya, wakaondoka? Hao hawakukuandikia kulalamika.

SWALI: Nina tovuti ya hadithi fupi na matangazo ndiyo yananiwezesha kuendelea. Msomaji ameniambia maandishi yanarukaruka anaposoma. Je, hilo nalo ni kasi, na Google inalihesabu?
Msimulizi

JIBU: Linahesabiwa, na jina lake ni CLS. Kwangu hili linaumiza kuliko yote. Mama yangu ana kidole kinachotetemeka kidogo. Akitaka kubonyeza kitu kwenye simu hukilenga kwanza, hutuliza mkono, ndipo hukigusa. Katika kitambo hicho kifupi tangazo hudondoka kutoka juu, kila kitu husogea chini, na kidole chake huangukia kwenye tangazo. Nimemwona akiomba radhi kwa simu, akidhani kosa ni lake. Kosa ni letu sisi tunaotengeneza kurasa.

Hesabu yake ni kuzidisha sehemu ya kioo iliyoguswa na mruko kwa umbali uliosogea. Hadithi yako imejaa kioo kizima. Tangazo likiisukuma chini kwa robo ya kioo, ni 1 mara 0.25, yaani 0.25. Kiwango kizuri ni 0.1 au chini ya hapo, na ikizidi 0.25 ni mbaya. Tangazo moja tu limekufikisha ukingoni. Kusogea kunakotokea ndani ya milisekunde 500 baada ya mgeni mwenyewe kubonyeza hakuhesabiwi, kwa hiyo "Soma zaidi" yako isikutie hofu.

Matangazo huna haja ya kuyaondoa. Yatengee nafasi. Kama sanduku la tangazo lina urefu wa pikseli 250, uweke urefu huo mapema, tangazo lije likute kiti chake. Siku lisipokuja, usilikunje sanduku, kwani kukunja nako ni kuruka, ila kwenda juu. Picha zako zote ziandikiwe width na height ili kivinjari kijue umbo lake kabla hazijafika. Fonti yako ya kuvutwa kutoka mbali nayo inachangia: maandishi yanatokea kwa herufi za simu, kisha yanabadilika kuwa herufi zako zilizo pana zaidi na mistari yote inahama. Chagua fonti ya akiba inayokaribiana nayo kwa upana.

SWALI: Seva yangu iko bara jingine, mbali na wasomaji wangu. Nihamishe?
Mhamaji

JIBU: Tufanye umbali ni kilomita 10,000. Mwanga ndani ya nyaya za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kila kitu kikienda sawa. Kabla herufi ya kwanza haijafika, kivinjari na seva husalimiana, hukubaliana usimbaji wa siri, ndipo ukurasa huombwa. Ni safari tatu, milisekunde 300 zimekwenda barabarani, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Google hupendekeza jibu la kwanza la seva lifike ndani ya sekunde 0.8, kwa hiyo zimekubakia milisekunde 500 za seva kufikiri.

Kabla ya kuhama, jaribu mtandao wa kusambaza maudhui, ambao huweka nakala za kurasa zako kwenye seva zilizo karibu na wasomaji. Kwa tovuti isiyobadilika kila dakika hilo hutosha. Ila pima kwanza hizo 500: nimekuta tovuti nyingi zinazolaumu umbali ilhali seva yenyewe inatumia sekunde mbili kuhangaika na hifadhidata kwa kila mgeni.

SWALI: Mimi ni mtunza nyaraka. Tovuti yetu ina kurasa zaidi ya milioni mbili za magazeti ya zamani yaliyoskaniwa, na nusu yake haijaingia Google. Kuna uhusiano na kasi?
Mtunza Nyaraka

JIBU: Kwako wewe upo, na ni wa aina nyingine kabisa. Roboti ya Google inayopita kwenye kurasa haitaki kuielemea seva ya mtu. Seva ikijibu upesi, roboti huongeza idadi ya kurasa inazochukua. Seva ikisuasua au ikirudisha makosa yenye namba 500 na 503, ya seva iliyoshindwa kujibu, hupunguza. Mwenye kurasa 80 hana haja ya kuwaza hili. Mwenye milioni mbili anapaswa. Kwenye Search Console, ndani ya mipangilio, kuna ripoti ya takwimu za roboti: tazama mstari wa muda wa kujibu na mstari wa idadi ya maombi kwa siku. Muda ukipanda huku maombi yakishuka, umelipata jibu lako. Angalia pia kama kurasa zilizoachwa zina maandishi yoyote. Picha ya gazeti isiyo na maneno haimwambii mtafutaji chochote, hata ifike haraka namna gani, na roboti huweza kuipitia kisha Google ikaamua kuiacha.

SWALI: Fundi, ulinijibu toleo lililopita. Nimepunguza picha, nimeondoa hati nne, kwenye simu yangu tofauti ni kubwa. Sasa ni wiki moja imepita na Search Console bado inaniandikia nyekundu. Nimekosea wapi?
Mpanda Milima

JIBU: Hujakosea popote. Kumbuka zile siku 28. Leo, katika kapu la Google, siku 7 ni za tovuti mpya na 21 ni za ile ya zamani. Robo moja ya ziara ni nzuri, robo tatu ni zilezile ulizozikimbia, na kipimo kinatazama asilimia 75. Hakiwezi kuwa kijani bado. Kitaanza kusogea wiki ya tatu, kisha kitashuka kwa kasi siku za mwisho, pale ziara za zamani zinapobaki chini ya robo.

Bonyeza kitufe cha kuomba uthibitisho kwenye ile ripoti, ambacho nacho kitafuatilia kwa siku 28. Andika kwenye daftari tarehe uliyofanya marekebisho. Mpaka hapo usiguse kitu kingine, kusudi tujue kilichosaidia ni kipi. Siku ya 29 nitumie picha ya grafu.